Tuache Kuipigia Kompyuta Ramli

"Mtandao unasumbua." Ndugu msomaji, maneno hayo umeyasikia benki, umeyasikia kwenye dirisha la malipo hospitalini, na siku hizi unayasikia sebuleni kwako kutoka kinywani mwa mjukuu. Yakishatamkwa, watu wote huinamisha vichwa kana kwamba imetolewa taarifa ya msiba. Hakuna anayeuliza: unasumbua wapi? Tangu saa ngapi? Unamsumbua nani, na nani haumsumbui? Nimefundisha walimu kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwanachuo aliyeniandikia katika taarifa yake ya mazoezi ya kufundisha kwamba "watoto wanasumbua" nilimrudishia taarifa hiyo siku hiyo hiyo. Watoto gani? Katika somo gani? Wanaanza kusumbua kabla ya chaki kushikwa au baada? Sikumwonea. Nilitaka ajue kwamba malalamiko ni jambo moja na taarifa ya ubovu ni jambo jingine.

Dai langu ni hili. Sehemu kubwa ya hasara tunayoipata majumbani kwa sababu ya kompyuta na intaneti inatokana na sisi wenyewe kukataa kufikiri kwa utaratibu mara tu tunapoona chombo kina waya. Kazi ya kufikiri tunamkabidhi fundi. Naye fundi, wengi wao si wote, hafikiri hata kidogo: anapiga ramli. Ataigusa mashine, ataguna, atatikisa kichwa, kisha atataja mchawi: "Hii ni virusi." "Hii ni madabodi." Muulize amejuaje, atakutazama kwa huruma kama mtu aliyekuja mjini jana.

Tuanze na intaneti ya nyumbani, maana ndiyo yenye kelele nyingi. Kwanza kabisa, kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, tazama kama kifurushi kimekwisha. Nasema hivi bila mzaha. Nimeshuhudia familia ikinuniana jioni nzima, baba akimshutumu mtoto kwamba ameharibu ruta kwa michezo yake, kumbe kilichoharibika ni salio.

Kifurushi kikiwapo, basi kumbuka kwamba kati ya simu iliyo mkononi mwa mjukuu na hiyo video anayoililia kuna mnyororo wa pingili zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja: chombo chenyewe, hewa au waya unaokiunganisha na ruta, ruta, njia ya kutoka nyumbani mpaka kwa kampuni inayokuuzia huduma, na njia ya kutoka kwa kampuni hiyo mpaka ulimwenguni. Ubovu umekaa katika pingili moja. Mtu mwenye akili ataukata mnyororo katikati na kuuliza ni nusu ipi yenye ugonjwa, kisha ataikata nusu hiyo tena. Ni maswali matatu au manne tu, na hayamgharimu mtu senti.

Je, vyombo vyote vya nyumbani vimekosa intaneti, au kimoja tu? Ikiwa simu ya mama inapata na kompyuta ya baba haipati, ruta haina hatia na asiguswe. Je, ukikaa karibu na ruta unapata vizuri, lakini chumbani hupati? Basi tatizo ni kuta zako. Mawimbi ya waifai hayapendi zege lenye nondo, hayapendi bati, hayapendi kioo cha kabati wala tanki la maji. Ruta nyingi za leo hutumia masafa mawili: gigahezi 2.4, ambayo hufika mbali zaidi na kupenya ukuta vizuri kidogo, lakini yamejaa msongamano wa vyombo vya majirani. Na gigahezi 5, ambayo ni ya kasi zaidi ila huchoka upesi kwenye kuta. Sasa nenda ukaangalie ruta ilipowekwa katika nyumba zetu. Imo ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya televisheni, kati ya chupa za chai na vikombe vya harusi, na juu yake imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isishike vumbi! Chombo hicho kinatoa joto na kinatoa mawimbi, nasi tumekivika shuka. Kisha tunasema kampuni inatuibia.

Swali jingine linahitaji ujue kusoma namba, na hapa ndipo wengi wanapokimbia bila sababu. Kompyuta inapojiunga na ruta hupewa anwani, kama mwanafunzi mgeni anavyopewa namba ya kitanda bwenini. Katika nyumba nyingi anwani hiyo huanza na 192.168. Ukifungua taarifa za mtandao kwenye kompyuta na kukuta anwani inayoanza na 169.254, umeshapata jibu kubwa: kompyuta iliomba namba, ikakosa wa kuipa, ikajibandikia yenyewe. Usihangaike na kampuni, wala na virusi. Tafuta waya uliolegea, au ruta iliyoacha kugawa namba.

Anwani ikiwa sawa, andika amri ya ping, nafasi, kisha 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya mashine za Google zinazotafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Namba ikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina yake, basi barabara ni nzima na kilichokufa ni daftari la majina. Kompyuta hutembea kwa namba na binadamu kwa majina, kwa hiyo lazima pawepo mtu wa katikati wa kutafsiri. Akilala huyo, nyumba nzima huamini intaneti imekatika, kumbe ipo. Unabadilisha namba moja kwenye mipangilio, kazi imekwisha. Mtoto wa darasa la saba anaweza kujifunza hayo kwa mchana mmoja, na bado akabaki na muda wa kucheza mpira.

Na pengine ubovu uko mbali kuliko mkono wako unavyofika. Jumapili ya tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikashikwa na kwikwi ya intaneti, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia sana. Miezi michache kabla, mwezi Februari, nyaya nyingine zilikuwa zimeharibika katika Bahari ya Shamu, kwa hiyo hata njia ya kaskazini haikuwa na nafasi ya kutosha. Siku hizo mtaani kwetu nilimwona kijana mwenye mkoba wa bisibisi akitoka nyumba moja kuingia nyingine, "akitengeneza" ruta. Watu walimlipa. Intaneti iliporejea, wakamshukuru. Jirani mmoja tu ndiye aliyefanya jambo la maana: alimpigia ndugu yake wa Dodoma, mteja wa kampuni nyingine kabisa, akamuuliza kama anapata. Aliposikia hapati, alizima ruta yake akaenda shambani.

Najua nitaambiwa kwamba napigana na vijana wanaojitafutia riziki. Hapana. Fundi anayeuliza maswali namlipa kwa furaha, na ninamlipa zaidi kwa swali kuliko kwa bisibisi. Ninachokipinga ni ile dawa moja ya magonjwa yote: kupiga Windows. Kompyuta ni nzito? Ipigwe Windows. Haitoi sauti? Ipigwe Windows. Inazimika yenyewe baada ya dakika kumi? Windows. Hiyo ya mwisho, katika nchi yetu ya vumbi, aghalabu ni feni iliyoziba na ule mlenda mweupe wa kupitisha joto uliokauka kati ya ubongo wa mashine na chuma cha kuupoza. Hata ungeipiga Windows mara saba kwa siku itazimika tu, kwa sababu joto halisomi programu.

Nitaeleza kisa kimoja, maana bila hicho utadhani nazungumzia usumbufu mdogo mdogo wa wazee. Rafiki yangu, mwalimu mstaafu kama mimi, Mpare, alikuwa akikusanya methali na vitendawili vya Kichasu. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Alipanda milima, akakaa na vikongwe jikoni, akaandika, kisha akachapa yote katika kompyuta yake kwa vidole viwili. Wengi wa hao waliomsimulia wamekwishafariki. Siku moja kompyuta ikaanza kukataa kufungua tovuti. Kila ukurasa ulileta onyo kwamba si salama. Aliona pia kwamba kila umeme ukikatika, saa ya kompyuta ilirudi nyuma miaka mingi. Akampelekea fundi, akamweleza yote mawili. Fundi alisikia la kwanza tu. Jioni alirudishiwa mashine, ikiwa safi kama siku iliyonunuliwa, na kama zawadi ilikuwa imejazwa filamu. "Imepona," akaambiwa. Umeme ulipokatika tena usiku ule, saa ikarudi nyuma kama kawaida, na tovuti zikakataa kufunguka kama kawaida. Kilichokuwa kimeondoka ni Kichasu.

Tazama sasa ugonjwa wenyewe ulivyokuwa. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri bapa ya mviringo, kama sarafu, volti 3, imeandikwa CR2032. Kazi yake ni kuishika saa iendelee kutembea wakati mashine imechomolewa kwenye umeme. Ikizeeka, saa huanguka. Na tovuti za leo hubeba hati yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kama pasipoti. Kompyuta inayoamini kwamba leo ni miaka mingi iliyopita itaitazama hati hiyo na kuona haijaanza hata kutumika, nayo itafunga mlango kama askari wa mpakani anavyopaswa kufanya. Mashine ilikuwa ikifanya kazi yake sawasawa. Betri hiyo bei yake haifiki ya kilo ya nyama, na inabadilishwa kwa dakika tano.

Yupo atakayesema: mzee alipaswa kuwa na nakala. Kweli, alipaswa, na kila anayesoma ukurasa huu leo anyanyuke akanakili picha zake na maandishi yake mahali pengine kabla hajaendelea. Lakini tusigeuze jambo hilo kuwa kinga ya fundi. Daktari hamkati mgonjwa mguu kisha akamlaumu kwamba hakuja na mguu wa akiba. Kanuni ya kwanza ya kazi ile ilikuwa kuuliza, "Humu ndani mna kitu unachokihitaji?" na ya pili kukinakili kabla ya kugusa chochote. Na hata baada ya kosa lile palikuwa na mlango uliobaki wazi. Katika diski za sumaku za aina ile, faili zilizofutwa mara nyingi huwa bado zimo, ila orodha yake imechanwa. Mtaalamu anaweza kuzirudisha mradi pasiandikwe kitu kingine juu yake. Ndiyo sababu zile filamu za zawadi siwezi kuzisahau. Zilimwagwa juu ya kaburi kama zege.

Basi tumsikilize na yule wa kwenye simu ya huduma kwa wateja, mwenye wimbo wa "zima, washa". Mimi simdharau. Kuzima na kuwasha kunafuta kumbukumbu ya muda, kunailazimisha ruta iombe upya njia yake na kompyuta iombe upya namba yake, na mara nyingi kunatosha. Lakini ni Panadol. Homa ikirudi kila jioni, hatuendelei kumeza, tunapima damu. Tena kuzima kunafuta ushahidi. Taa za ruta zilikuwaje kabla hujazima? Ipi ilikuwa nyekundu? Onyo kwenye kioo lilisema nini, neno kwa neno? Watu wazima waliosoma huniambia, "Kilitokea kimaandishi fulani, nikakifunga." Kimaandishi fulani! Barua ya benki utaisoma mara tatu, lakini kompyuta inapokuandikia kinachoiuma unaifunga mdomo.

Hapa nakumbuka wale wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Tarehe 9 Septemba, 1947, mashine yao iliyoitwa Mark II, kubwa kama chumba, ilikosea. Waliifungua, wakatafuta, wakakuta nondo, yule mdudu wa usiku, amebanwa ndani ya swichi moja. Siku hizi kisa hicho husimuliwa kwa kucheka, na wengine hudhani ndipo hitilafu zilipoanza kuitwa "wadudu", ingawa mafundi wa Marekani walikuwa wakilitumia neno hilo tangu karne ya 19. Mimi kinachonivutia ni daftari. Walimchukua yule nondo wakambandika kwa gundi ya karatasi katika daftari la kazi, wakaandika saa na mahali walipomkuta, na daftari hilo limehifadhiwa mpaka leo. Fundi wa mtaani kwangu ana daftari pia. Ndani yake mna madeni.

Kizazi changu kina udhuru wa namna fulani. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kuumizwa na majaribio ya mwanzo, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi kabla ya kulegezwa. Wengi wetu tuliigusa kibodi mvi zikiwa zimekwishatoka. Lakini udhuru huo haumhusu mhadhiri wa miaka arobaini anayesema mbele za watu, huku akitabasamu, "Mimi mambo ya kompyuta sijui kabisa." Anajivunia. Angeona aibu kusema hajui kusoma ramani au kupima shinikizo la damu kwa mashine ya duka la dawa, lakini hili analivaa kama tai. Hii ni kasumba ile ile ya zamani, kwamba msomi hashiki bisibisi. Na wauzaji wanaijua. Tarehe 14 Oktoba, 2025, Microsoft ilipofikisha mwisho wa huduma ya kawaida ya Windows 10, nilisikia watu wakiambiwa madukani kwamba kompyuta zao "zimekwisha muda", kama maziwa. Ukweli ni kwamba mashine hizo zinawaka kama zilivyowaka. Zilichokosa ni marekebisho ya usalama yaliyokuwa yakija bure. Ni jambo la kuliangalia kwa makini, hasa kwa anayefanya shughuli za benki, na nyingi ya mashine za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Lakini ipo Linux, isiyouzwa, na mashine nyingi kuukuu huibeba vizuri. Muuzaji hakuitaja. Naye mnunuzi hakuuliza.

Simwambii mtu yeyote afungue kila kitu. Lile sanduku la kupokelea umeme ndani ya kompyuta ya mezani liache limefungwa; huhifadhi chaji hata baada ya kuchomolewa, na halijali kwamba una shahada. Lakini kadi ya ramu iliyolegea, inayofanya mashine ipige mlio wa pii pii na kioo kibaki cheusi, unaweza kuizima mashine, ukachomoa waya wa umeme, ukagusa chuma ili kuondoa umeme wa mwilini, ukaitoa, ukasugua meno yake taratibu kwa raba nyeupe laini ya kufutia penseli, ukaifuta vumbi, ukairudisha mpaka vishikizo vikalia. Raba! Kifaa ambacho mwalimu hakosi mfukoni.

Ndiyo maana lawama yangu ya mwisho naielekeza nyumbani kwangu, kwenye elimu. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, tukalima mashamba ya shule, tukafuga kuku. Leo shule ina chumba cha kompyuta kilichofungwa kufuli, na ndani wanafunzi wanakariri: taja vifaa vinne vya kuingizia data, nani aliitwa baba wa kompyuta. Anajibu vema, anapata alama A, akirudi nyumbani anamwambia bibi yake kwamba mtandao unasumbua. Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeleta mkondo wa amali, na mimi niliufurahia. Ila amali bila utaratibu wa kutafuta ubovu itatuzalia wapiga ramli wenye vyeti.

Kama ningekuwa bado na chuo, mtihani wa TEHAMA wa walimu ungekuwa hivi. Meza kumi, na juu ya kila meza kompyuta yenye kosa lililopandikizwa usiku wa kuamkia mtihani: waya uliochomoka nusu, ramu iliyolegea, betri ya saa iliyokufa, anwani ya 169.254, ruta iliyofunikwa kitambaa. Kila mtahiniwa apewe dakika ishirini, kalamu na daftari. Alama mbili kwa kuuona ubovu, na nane kwa kuandika alivyoufikia: aliuliza nini kwanza, alipata jibu gani, kisha akakata upande upi. Na yeyote atakayeanza kwa kupiga Windows, msimamizi amsindikize nje.